Shauri la Waya

Kabla watu wa Dodoma hawajamjua kama wakili, Abbasi bin Hasani alikuwa kadhi wa Kondoa. Alikuwa Mrangi wa milimani, mtoto wa mkulima wa uwele. Mjomba wake mfanyabiashara alimchukua Bagamoyo angali mdogo, akakaa huko mpaka ndevu zikamwota, kisha akarudi na vitabu vya fikihi na Kiswahili cha pwani kilichowachekesha wazee wa kwao. Wadachi walipojenga boma Kondoa walitafuta mtu wa kuamua kesi za ndoa, mirathi na mifugo, wakamwona yeye. Walimpa kilemba cheupe, kiti, na askari wa kusimama mlangoni.

Alikuwa hakimu mgumu. Hakula cha mtu, wala hakupokea hata jogoo wa sikukuu. Akisikiliza kesi alifumba macho, mpaka mgeni akadhani amelala. Halafu angeuliza swali moja tu, na uongo wote ukamwagika chini kama maziwa ya kibuyu kilichotoboka. Watu walimwogopa, na kwa kumwogopa wakampenda.

Siku moja alifika mbele yake mjane aitwaye Mwamvua, mtu wa upande wa Chemba, amemshika mkono kijana wake. Mkono wa pili wa kijana ulining'inia kama tawi lililovunjwa na upepo.

"Kadhi," mjane akasema, "mwanangu aliitwa kazi ya serikali. Nikamwambia nenda, serikali haikataliwi. Kumbe alikuwa analima shamba la akida. Alipouliza boma liko wapi, akapigwa mpaka akawa hivi."

Akida huyo alikuwa Athuman bin Salehe, mtu wa pwani, mrefu, mcheshi, mwenye kanzu isiyopata vumbi hata kiangazi. Wadachi walimtegemea kwa kukusanya kodi na watu wa kazi. Abbasi akamwita barazani. Athuman akaja akicheka, akaketi bila kukaribishwa, akadhani ni mazungumzo ya wakubwa wawili. Alipoondoka alikuwa ameamriwa mbele ya watu awaachie wote aliowafungia shambani kwake, na ampe mjane ng'ombe wa fidia.

"Akida ni mkono wa serikali," Abbasi alisema siku hiyo. "Mkono ukiiba, mwili mzima huitwa mwizi."

Athuman hakubisha. Aliinama, akaubusu mkono wa kadhi, akatoka. Watu wakasifu adabu yake.

Haukupita muda, kusini kukaripuka vita vya Maji Maji. Wadachi wakawa hawalali. Kila hirizi waliiona bunduki, kila dua wakaisikia kama ngoma ya vita. Athuman akaenda kwa mkubwa wa boma na watu wawili, wakashika msahafu, wakaapa kwamba kadhi anawasomea watu usiku ili risasi za Wazungu zigeuke maji. Abbasi hakuulizwa neno. Yeye, ambaye hakupata kumhukumu hata mwizi wa kuku bila kumsikiliza, alihukumiwa kwa sentensi moja huku mkubwa wa boma akivaa glavu zake.

Walimtoa sokoni siku ya gulio. Walimlaza juu ya pipa, wakampiga hamsa ishirini, vile viboko ishirini na vitano ambavyo kila mtu wa enzi ile alivijua kwa jina. Waliomtazama ni wale wale aliowaamulia kesi zao: huyu alimrudishia shamba, yule alimwozeshea binti yake. Mama yake, Mwajabu, alikuwepo na kikapu chake cha mtama. Hakulia. Alikaa chini mavumbini, akajifunika uso kwa kaniki yake.

Kilemba kilikuwa kimeanguka. Athuman alikiokota, akakikung'uta, akakikunja taratibu kama mke anavyokunja nguo ya mumewe. Abbasi alipoinuliwa, akida akamwinamia sikioni.

"Pole, Kadhi. Sheria ni sheria."

Viboko vilipona. Neno lile halikupona. Alitembea nalo kwenye mnyororo hadi Kilimatinde, akavunja nalo mawe ya barabara, na habari za kifo cha mama yake zilipomfikia huko, alilia kidogo, kisha akalirudia moyoni: sheria ni sheria. Wenzake wa mnyororo walidhani anasoma uradi.

Alipofunguliwa hakurudi Kondoa. Reli ilikuwa imefika Dodoma, na pale palipokuwa na matembe machache na uwanda wa vumbi palikuwa pameota stesheni, maduka ya Wahindi, boma jipya na ugomvi wa kila namna. Mahali penye ugomvi hapakosi kazi ya mtu mwenye ulimi. Abbasi akapanga chumba karibu na soko, na watu wakaanza kumjia. Kwanza ni Warangi wa kwao walioshuka na chumvi na asali. Kisha Wagogo waliogombea visima na malisho. Mwishoni hata wapagazi wa Kinyamwezi walionyimwa haki yao na mabwana wa reli. Alisimama nao mbele ya bwana shauri, yaani yule Mdachi wa kuamua kesi, akasema kwa niaba yao. Hakuna amri iliyomtambua kama wakili, lakini hakuna aliyemfukuza pia, maana bwana shauri aligundua kwamba kesi ikipitia mdomoni kwa Abbasi hufika imechambuliwa kama mchele.

Jina lake likasambaa. Watu walisafiri kutoka Kolo na hata kutoka ng'ambo ya Mpwapwa kumtafuta. Lakini hawakumwita wakili. Walimwita Kadhi, kana kwamba kilemba hakikuwahi kuanguka.

Wadachi nao walimpandisha Athuman. Walimhamishia Dodoma awe akida wa vijiji vya pembeni mwa reli, ambako watu wa kazi walihitajiwa kuliko mvua. Mzee sasa, tumbo limemtangulia, ila ucheshi ule ule. Siku ya kwanza walipokutana njiani, Athuman alifungua mikono kama aliyemwona ndugu.

"Shehe Abbasi! Alhamdulillahi, nakuona umesimama vizuri!"

"Nimesimama," Abbasi akajibu, akapita.

Tangu siku hiyo alimvizia. Hakumvizia kwa kisu wala kwa mganga. Aliketi kimya akasikiliza. Watu wakamletea malalamiko, yale yale ya Kondoa: tuliitwa kazi ya reli, tukalimishwa shamba la akida, fulani alikataa, akapigwa, akafa. Abbasi aliwasikiliza amefumba macho, kisha akawaambia, "Nimesikia. Ngojeni." Walidhani anaogopa. Hakuogopa. Alikwisha kukaa kwenye kiti cha hukumu, na alikwisha kulazwa juu ya pipa, akajua jambo ambalo walioketi upande mmoja tu hawalijui: machozi ya mjane hayamgusi Mdachi. Kinachomgusa Mdachi ni kilicho chake. Basi ingojwe siku ambayo reli itakosa watu, na Mdachi atake kujua wamekwenda wapi.

Siku hiyo ilikaribia. Njia ya kuelekea magharibi ilihitaji watu wa kuimarisha tuta, watu hawakutosha, na bwana shauri akawa mkali kama pilipili. Abbasi alikuwa karibu kuwapelekea habari wale wenye malalamiko. Ndipo mambo yakageuka kwa namna ambayo hakuitarajia: Athuman akakamatwa kwa jambo jingine kabisa.

Waya wa simu ulikuwa umekatwa upande wa Kigwe. Wadachi hawakuwa na mzaha na waya. Aliyeukata alihesabiwa adui wa serikali. Askari walipekua nyumba baada ya nyumba, na katika ghala ya akida Athuman, chini ya magunia ya uwele, wakaukuta umeviringwa. Walimfunga papo hapo. Mji mzima ukasema, huyu hana la kujitetea, atanyongwa.

Abbasi alipata habari akiwa anakunywa uji. Aliweka bakuli chini. Akacheka peke yake, kicheko ambacho hakukisikia kooni mwake tangu Kondoa.

Kabla jua halijapanda sana, aliingia jumbe mmoja wa Kigogo aitwaye Matonya, mtu mwembamba, masikio yametogwa, fimbo mkononi. Ndugu yake ndiye yule aliyefia shambani kwa akida. Aliketi, akanusa ugoro wake, akatabasamu.

"Kadhi, tumekata mti. Wewe ulituambia tungoje, tukachoka kungoja."

"Mti gani?"

"Wanawake wa kwangu wamevua bangili zao, zile za waya tulizosokota zamani. Tukazinyoosha, tukaziviringa, usiku mmoja zikalala chini ya uwele wa akida. Nani aliukata wa Kigwe sijui. Pengine twiga, shingo zao huukata kila mwaka. Lakini Mzungu anataka mtu, tumempa mtu." Akaegemea fimbo yake. "Adui yako ni adui yangu. Wewe kaa kimya tu, basi."

Furaha ya asubuhi ilikuwa imechacha mdomoni mwa Abbasi kama maziwa.

"Umeniharibia," akasema.

"Nimekuharibia nini? Si atakufa?"

"Atakufa hali amesingiziwa! Unaelewa, Matonya? Atakwenda kitanzini akijua hana hatia. Atakufa shahada mdomoni, roho yake safi kama kanzu yake. Mimi niliisikia ile hali. Nililazwa juu ya pipa nikijua nimedhulumiwa, na kujua huko ndiko kulikonishikilia nisivunjike. Leo nimpe yeye neema hiyo? Sitampa." Alisimama. "Nataka apigwe kwa alichokifanya. Nataka kila kiboko akijue jina lake."

Matonya alimtazama kwa woga kidogo. Alikuwa amekuja kwa mtu mwenye hasira, akamkuta mtu mwenye hasira kuliko yake.

"Sasa utanitaja kwa Mzungu?"

"Uongo wako nitauvunja, jina lako sitalitaja. Na wewe siku hiyo utasimama useme habari za ndugu yako. Walete na wenzako wote. Tuma mtu Chemba, amlete Mwamvua na mwanawe, kama wangali hai."

Siku ya pili akaja Sikudhani, binti pekee wa Athuman, msichana aliyejifunga kanga ya huzuni kichwani. Alikuwa amezunguka kwa marafiki wote wa baba yake, na wote walikuwa wamepata safari ghafla.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Keti."

"Nimeambiwa nisije kwako. Nimeambiwa baba yangu alikukosea zamani." Akainua uso. "Lakini waya ule si wake. Wallahi si wake. Nani mwingine atamsemea?"

Abbasi alimtazama, akaona ana macho ya baba yake bila ule ucheshi. Jambo fulani likamchoma, akalikanyaga.

"Nitalichukua shauri la waya," alimwambia. "Na nitalishinda."

Sikudhani akaanguka miguuni pake akimwombea dua. Abbasi alimwinua haraka, maana dua zile zilimwia nzito.

Akaenda kumwona Athuman kifungoni. Mzee alikuwa amechakaa kwa muda mfupi. Kanzu ilikuwa na vumbi kwa mara ya kwanza. Alimshika Abbasi mikono yote miwili, machozi yakamtoka.

"Nilijua. Nilimwambia mwanangu, Abbasi ni mcha Mungu, hana kinyongo. Yale ya zamani, ndugu yangu, yalikuwa mambo ya kazi tu. Kila mtu alitaka kuishi."

"Mambo ya kazi," Abbasi akarudia.

"Ehe! Umenisamehe, sivyo?"

"Tuzungumze habari za waya," Abbasi alisema, akaitoa mikono yake.

Siku ya baraza uwanja wa boma ulijaa. Warangi waliketi upande mmoja, Wagogo upande wa pili, Wahindi wa maduka wakasimama kivulini. Bwana shauri alikuwa Mdachi mwenye shingo nyekundu, aliyekijua Kiswahili vizuri lakini hakuwahi kujifunza salamu zake. Waya uliwekwa mezani. Askari akaeleza alivyoukuta. Matonya na majumbe wenzake walitazama fimbo zao.

"Wakili," bwana shauri akasema, "una neno?"

Abbasi alikuwa amefumba macho. Akayafumbua.

"Naomba bwana mkubwa aunuse waya huu."

Watu wakaguna. Bwana shauri alikunja uso, lakini aliuinua, akaunusa, akautupa mezani kwa kinyaa.

"Mafuta. Mafuta mabovu."

"Ni samli, bwana. Na ukiufuta kwa kitambaa chako, utatoka wekundu wa udongo ambao wanawake wa nchi hii hujipaka. Utazame na unene wake: umelika, umelainika, una mikunjo ya zamani iliyonyooshwa kwa nyundo. Waya huu umekaa mikononi mwa wanawake miaka mingi. Nauliza, waya wa simu uliokatwa juzi ulipakwa samli na nani juu ya nguzo?"

Bwana shauri aliufuta kwa leso yake. Leso ikawa nyekundu. Akamwita fundi wa simu, naye akaugeuza, akatikisa kichwa, akasema huu si wa Kigwe, huu ni mkuukuu. Kulikuwa na minong'ono, kisha vicheko. Nani aliuweka pale, bwana shauri akataka kujua. Abbasi akajibu kwamba nusu ya wanawake wa Ugogo wamevaa waya kama huo, na bwana mkubwa akitaka kuwakamata wote atahitaji boma kubwa zaidi. Hata Mdachi alitabasamu.

"Shtaka la waya limeanguka," akasema.

Sikudhani alipiga kigelegele. Athuman aliinua mikono mbinguni, kisha akamgeukia Abbasi na uso uliojaa nuru, akafungua mikono kama siku ile njiani.

Abbasi hakumtazama. Alikuwa bado amesimama mbele ya meza.

"Bwana mkubwa, reli imekosa watu msimu huu. Umewatuma askari wakawatafute maporini. Nataka kukuonyesha walikokuwa."

Akainua mkono. Kutoka upande wa Wagogo akasimama Matonya, na nyuma yake wanaume waliokonda, wenye makovu mgongoni. Kutoka upande wa Warangi akaja mjane Mwamvua, mzee sasa, akimwongoza mwanawe mwenye mkono uliokufa. Mmoja mmoja wakasema. Tuliitwa kwa jina la serikali. Tukaambiwa ni kazi ya reli. Reli hatukuiona, tuliona uwele wa akida. Matonya akasimulia ndugu yake alivyopigwa mpaka asiamke, na alivyozikwa kando ya shamba hilo hilo, na sauti yake haikupanda wala kushuka. Bwana shauri alisikiliza, shingo ikizidi kuwa nyekundu. Habari za maiti aliandika polepole. Habari za watu wa reli kulimishwa shamba aliandika kwa kasi, kalamu ikichana karatasi.

Uso wa Athuman ulikuwa umesawijika. "Wakili!" akapaza sauti. "Abbasi! Sema nao!"

Bwana shauri akakunja uso. "Wewe ni wakili wake au mshitaki wake?"

"Nilichukua shauri la waya, bwana," Abbasi akajibu. "Nimelimaliza. Jingine sikulichukua."

Akida akavuliwa cheo, akahukumiwa mnyororo na hamsa ishirini. Kwa desturi bwana shauri aliuliza kama kuna mtu wa kumwombea apunguziwe, kwa kuwa ni mzee. Kwato za mbuzi zikasikika nyuma ya boma. Kila mtu alimtazama Abbasi. Neno lake moja lingetosha. Bwana shauri mwenyewe alikuwa amegeuza uso kwake, akingoja. Athuman alitikisa kichwa taratibu, kama anayekumbuka kitu kilichokuwa kimempotea.

"Sina neno," Abbasi akasema.

Alisimama mpaka kiboko cha mwisho. Mwanzoni aliyaonja yote aliyoyangoja, na yalikuwa matamu, asiseme mtu kwamba kisasi hakina ladha. Katikati Athuman aliacha kupiga kelele, akawa anasema kwa pumzi, "Ni kweli, ni kweli," na hakuna aliyejua anamwambia nani. Hapo utamu ukapungua. Lakini Abbasi hakuondoka.

Jioni, kabla ya magharibi, Sikudhani alimkuta mlangoni pake. Hakuamkia.

"Uliniambia utamtoa."

"Nilikuambia nitalishinda shauri la waya."

"Ungemwacha anyongwe ningemlilia yeye na kukusahau wewe. Wewe umemwacha hai, umemvua kila kitu, na mimi nikakupigia kigelegele." Akajifunga kanga upya kichwani. "Baba yangu ni mwovu. Nimesikia leo, nimeamini. Lakini wewe uliniinua pale chini ukijua."

Binti akageuka akaenda zake. Baadaye Abbasi alisikia kwamba binti ameolewa Mpwapwa, na kwamba mtu akitaja jina la wakili mbele yake, hutoka chumbani.

Bwana shauri alimwita Abbasi, akampa kiti cha ukadhi wa Dodoma. Akakataa. Alisema macho yake yamechoka, lakini Matonya, aliyekuwa akija kunywa kahawa kwake mara kwa mara, alimbana mpaka akamwambia kweli.

"Hakimu hutakiwa asimtake mtu aanguke," alisema. "Mimi nilimtaka. Bado namtaka. Kiti hakinifai tena." Na hakuonekana kuhuzunika. Aliendelea na kazi yake ya kuwasemea watu, akashinda nyingi, na akina mama wa Kirangi wakawapa watoto wao jina lake.

Athuman alimaliza mnyororo wake mwaka mmoja kabla ya vita vya Wazungu, akarudi Dodoma amepinda mgongo. Alisuka mikeka ili aishi. Hakuna aliyemdhuru, hakuna aliyemkaribisha. Ijumaa moja msikiti mdogo wa karibu na stesheni ulijaa kuliko kawaida, imamu akageuka akasema waumini wazibe nafasi, safu zinyooke. Pengo lilikuwa kulia kwa Abbasi. Mtu akajisogeza ndani yake kwa shida, bega likagusana na bega, na Abbasi akajua ni nani kabla hajamtazama, kwa namna anavyohema.

Hakuhama. Alirukuu naye, akasujudu naye, vipaji vya nyuso vikagusa mkeka mmoja. Sala ilipofika mwisho aligeuza uso kulia, kama sheria inavyotaka, maana bila salamu hiyo sala haitimii, akamtolea amani mtu aliyekuwa hapo. Aliitoa kwa sauti ya chini sana. Salamu nyingine haikuwepo kati yao mpaka Athuman alipokufa.